Kidole Kimekatwa, Uzito Umehamia Wapi? Hesabu ya Unyayo Mkoani Songwe

Lori la mizigo linalosubiri zamu yake mpakani Tunduma huwa na upepo wa paundi 110 hadi 120 kwa kila inchi mraba ya tairi. Kwa kipimo cha wataalamu wa miguu, hizo ni kilopaskali 760 hadi 830. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani wakiongozwa na David Armstrong walichapisha vipimo vya nyayo za wagonjwa 10 wa kisukari waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata vidonda. Sehemu ya mbele ya unyayo, pale panapobanwa zaidi mtu anapotembea, wastani ulikuwa kilopaskali 860. Ngozi ya binadamu, yenye unene wa milimita chache, ilikuwa inabeba mgandamizo unaozidi ule wa tairi la lori, na inaubeba upya kila hatua, kwenye mguu wenye ganzi ambao hauwezi kumwambia mwenyewe kwamba unaumia.

Wagonjwa hao walifanyiwa upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino, ambayo ikikakamaa humlazimisha mtu aelemee mbele ya mguu. Wiki nane baadaye walipimwa tena: kilopaskali 630. Mgandamizo ulikuwa umeshuka kwa asilimia 27. Bila kipimo cha kabla na cha baada, daktari angebaki kusema kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Akiwa na namba mbili mkononi anajua kilichopungua ni kiasi gani, na anaweza kuuliza swali la maana zaidi: kilichopungua hapa kimehamia wapi?

Swali hilo ndilo ninalotaka lifike Songwe. Mtu hapungui uzito wa kuonekana kwa kukatwa kidole au kupunguzwa kichwa cha mfupa wa unyayo. Uzito ni uleule, na lazima upate pengine pa kukanyagia.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na Sensa ya 2022 ikakuta una watu zaidi ya milioni 1.3. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Sehemu kubwa ya Songwe ni vijiji: wakulima wa kahawa wa Mbozi, wakazi wa milima ya Ileje, wakulima wa mpunga wa Kamsamba. Kisukari kwa kawaida ni kingi zaidi mijini, kwa hiyo wastani wa taifa huenda ni mkubwa mno kwa mkoa huu. Naukata nusu. Nachukua watu wazima 400,000 wa umri huo, chini kidogo ya theluthi ya wakazi wote, na napata wagonjwa 18,200. Armstrong, Andrew Boulton na Sicco Bus walikadiria mwaka 2017 kwamba mwenye kisukari ana uwezekano wa asilimia 19 hadi 34 wa kupata kidonda cha mguu katika maisha yake. Hiyo ni kati ya watu 3,458 na 6,188 katika mkoa mmoja, na ni hesabu iliyofanywa kwa tahadhari.

Kidonda hiki si jambo dogo. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake walifuatilia wagonjwa 627 wa kisukari walioonwa mwaka 1997 na 1998. Kati yao 92, yaani asilimia 15, walikuwa na vidonda vya miguu. Kwa wenye vidonda waliokatwa kiungo na wasiokatwa, karibu 29 katika kila 100 walifariki. Miongoni mwa wenye vidonda vikali ambao hawakufanyiwa upasuaji, zaidi ya nusu walifia hospitalini. Kwa hiyo kisu chenyewe si adui. Kwa mgonjwa aliyefika na kidole kilichooza, kisu ndicho kinachomwokoa. Shida inaanza baada ya hapo, anaporudi nyumbani na mguu uliopona nje lakini umebadilika umbo.

Ganzi ndiyo inayogeuza mgandamizo kuwa hatari. Mwenye hisia zake akikanyaga kokoto hubadilisha mwendo bila hata kufikiri. Mwenye ganzi huendelea. Abbas na wenzake waliripoti mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari nchini waliong'atwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Mguu ambao panya anautafuna mwenyewe asiamke hauwezi kutegemewa kutoa taarifa kwamba mfupa wa pili umeanza kuelemewa tangu kidole gumba kiondolewe.

Sasa hesabu ya mzigo, maana Tunduma ni mji wa kubeba. Chukua mpagazi wa kilo 70. Anaponyanyua kisigino ili apige hatua, nguvu inayoshuka chini huzidi uzito wake kidogo. Tuseme kilo 77, zote zikiwa juu ya sehemu ya mbele ya mguu mmoja. Ikiwa sehemu hiyo inagusa ardhi kwa sentimita mraba 60, kila sentimita inabeba kilo 1.28, yaani kilopaskali 126. Mpandishe gunia la kilo 50 begani, na kwa hesabu ileile inakuwa kilopaskali 216. Sasa mwondolee kidole gumba na eneo lililokuwa linakanyaga pamoja nacho, libaki sentimita mraba 45. Bila mzigo wowote mgandamizo umepanda hadi 168. Akirudi kwenye kazi yake ya magunia unafika 288. Vipimo vya eneo nimevichagua ili hesabu ieleweke, na hizo ni wastani tu. Uzito hausambai sawasawa kama maji sakafuni, bali hujikusanya chini ya vichwa vya mifupa, ambako kilele huwa mara kadhaa ya wastani.

Yaliyopimwa hospitalini yanakubaliana na hesabu hiyo. Mwaka 1995 Lawrence Lavery na wenzake walipima wagonjwa wa kisukari waliokatwa kidole gumba cha mguu mmoja, wakalinganisha na mguu wao mwingine. Mguu uliokatwa ulikuwa na mgandamizo mkubwa zaidi chini ya mifupa iliyobaki. Miaka miwili baadaye ilichapishwa historia ya wagonjwa 90 waliokatwa kidole gumba: asilimia 60 walikatwa tena, na asilimia 21 wakakatwa mara ya tatu. Siwezi kusema yote hayo yaliletwa na mgandamizo, kwa sababu mishipa ya damu iliyoziba na maambukizi vilikuwapo pia. Lakini njia ni ileile inayoonekana kliniki baada ya kliniki: sugu mpya mahali papya, kisha rangi nyeusi chini ya sugu, kisha donda ndugu.

Hata upasuaji uliopangwa vizuri kwa ajili ya kupunguza mgandamizo haumalizi kazi. Mwaka 2003 Michael Mueller na wenzake wa St. Louis waliwalinganisha waliorefushiwa kano ya kisigino na waliofungwa bandeji ngumu peke yake. Baada ya miezi saba kidonda kilikuwa kimewarudia asilimia 15 ya waliopasuliwa, na asilimia 59 ya wasiopasuliwa. Baada ya miaka miwili ilikuwa 38 kwa 81. Ni faida kubwa. Hata hivyo, watafiti wa kundi hilohilo walipopima nyayo waliona kwamba mbele palipungukiwa huku kisigino kikiongezewa, na kufika mwezi wa nane mgandamizo wa mbele ulikuwa umerudi juu. Aliyepimwa wiki ya nane na kuambiwa aende zake angeandikwa kuwa amefanikiwa. Angepimwa mwezi wa nane, faili lingesema jambo jingine. Kwa hiyo kipimo kimoja baada ya upasuaji hakitoshi. Ratiba ninayoiona ya busara ni kupima kabla ya kisu ikiwa hakuna kidonda wazi, kupima kidonda kikishafunga na mgonjwa ameanza kutembea, halafu mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Ratiba hiyo inaendana pia na tabia ya ugonjwa, kwani katika kila watu 10 waliopona kidonda cha kisukari mguuni, wanne hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Mashine zenyewe ni za aina mbili. Ipo ya sakafuni, bamba lenye vihisio vingi ambalo mgonjwa hulikanyaga pekupeku akiwa kwenye mwendo wake wa kawaida. Baadhi ya mabamba ya kampuni ya novel ya München yana vihisio vinne kwa kila sentimita mraba. Na ipo ya kuweka ndani ya kiatu, soli nyembamba yenye vihisio, inayoonyesha kile ambacho mguu unapata ukiwa umevaa. Ya pili ina faida ya kuwa na lengo la kufanyia kazi: miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari inataka kilele ndani ya kiatu kiwe chini ya kilopaskali 200, au kipungue kwa asilimia 30 au zaidi kulinganisha na kiatu cha awali. Kilopaskali 200 ni paundi 29, upepo wa tairi la gari dogo.

Hapa lazima nitoe onyo, kwa sababu namba za eneo hili hupotosha haraka. Utafiti wa Manchester wa 1992 ulifuata wagonjwa 86, na kila aliyepata kidonda alikuwa na mgandamizo mkubwa tangu mwanzo. Miongoni mwa wagonjwa wa kisukari wenye mgandamizo mkubwa, asilimia 35 walipata vidonda, na kwa wenye mgandamizo wa kawaida hakupata hata mmoja. Mpaka waliouweka ulikuwa kilo 12.3 kwa sentimita mraba, zaidi ya kilopaskali 1,200. Baadaye Armstrong alijaribu mpaka wa 700 na kukuta unawatambua wenye vidonda 7 katika 10, huku ukiwapa onyo lisilo la kweli zaidi ya watu 3 katika kila 10 wasio na vidonda. Mbona 1,200 kule na 700 huku? Mashine tofauti. Kihisio kidogo hunasa kilele chembamba, na kikubwa hukichanganya na majirani zake. Mwendo wa haraka nao hupandisha namba. Kwa hiyo mgonjwa alinganishwe na nafsi yake, kwenye mashine ileile, kwa mwendo uleule, kwa wastani wa hatua kadhaa. Namba moja iliyotolewa peke yake, bila jina la mashine, haina maana kwa daktari atakayeipokea.

Na bei? Mifumo hii huuzwa kwa maelfu hadi makumi ya maelfu ya dola. Tuweke dola 20,000; kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni milioni 50. Ikifungwa Tunduma na kupima wagonjwa 20 kwa mwaka, ndani ya miaka mitano watakuwa 100, na kila mmoja atakuwa ametumia shilingi 500,000 za mashine kabla hujamlipa mtaalamu. Ikifungwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambako hufika wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini zote, ikapima 300 kwa mwaka, kila kipimo kitabeba shilingi 33,333. Mgonjwa wa Tunduma atasafiri kama kilomita 100. Kwa nauli ya basi la kawaida iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kuanza kutumika Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita, kwenda na kurudi ni chini ya shilingi 10,000. Na msindikizaji wake, chini ya 20,000. Kumpeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, ni zaidi ya shilingi 87,000 kwa mtu mmoja kwenda na kurudi, bila kulala wala kula. Vipimo vitatu vya ufuatiliaji Dar es Salaam kwa watu wawili vinazidi nusu milioni ya nauli peke yake. Hakuna mkulima wa Kamsamba atakayerudi mara ya tatu kwa gharama hiyo.

Lakini milioni 50 hizohizo zina matumizi mengine, na hapa ndipo mpangaji wa bajeti anapopaswa kutulia. Tukiweka shilingi 40,000 kwa jozi ya sandali zenye soli laini ya ndani na soli ngumu ya nje, fedha hiyo inavalisha watu 1,250. Na kuna namba moja ambayo naona haijapewa heshima yake. Mwaka 1992 Matthew Young na wenzake walipima nyayo za wagonjwa 17 wa kisukari kabla na baada ya kukwanguliwa sugu. Mgandamizo ulishuka kwa asilimia 26. Kano iliyorefushwa chumba cha upasuaji ilileta asilimia 27! Sugu hurudi, kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na wagonjwa wa tafiti hizo mbili hawakuwa sawa. Hata hivyo, muuguzi aliyefundishwa, mwenye wembe safi wa hospitali, anaweza kuifanya kituo cha afya chochote mkoani. Nasisitiza aliyefundishwa: mgonjwa mwenye ganzi asijikwangue nyumbani kwa wembe wala kwa kisu cha jikoni, maana hatajua anapoingia kwenye nyama.

Kupima nako kuna njia zisizohitaji mamilioni. Katika miaka ya 1940 Harris na Beath, waliokuwa wakipima miguu ya wanajeshi wa Kanada, walitumia mkeka wa mpira wenye kuta za vimo tofauti: unapakwa wino, unafunikwa karatasi, mtu anakanyaga. Uzito mdogo huchapa kuta ndefu tu, uzito mkubwa hushusha karatasi hadi kwenye kuta fupi na kuacha doa jeusi zito. Hautoi kilopaskali, lakini unaonyesha mahali. Karatasi ya kabla ya upasuaji na ya miezi sita baadaye zikiwekwa pamoja kwenye faili, hata mgonjwa asiyesoma ataona doa limehama kutoka chini ya kidole gumba hadi chini ya mfupa wa pili. Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma India na baadaye Marekani, aliwavalisha soksi zenye vidonge vidogo vya rangi vilivyopasuka palipobanwa sana. Alitafuta jambo hilohilo: doa liko wapi?

Ganzi hupimwa kwa uzi maalumu wa gramu 10, na usipokuwapo, kwa ncha ya kidole: mgonjwa anafumba macho, unamgusa kwa wepesi kwa sekunde moja au mbili kwenye ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Asipohisi mara mbili au zaidi katika sita, ana ganzi. Gharama yake ni sifuri. Kisha kuna joto. Mahali panapoelemewa hupata moto kabla ngozi haijachanika. Tofauti ya nyuzi 2.2 za Selsiasi kati ya sehemu zinazolingana za miguu miwili, ikidumu, ni ishara ya kupunguza kutembea na kwenda kliniki. Katika jaribio la Lavery la 2007, waliopima joto la nyayo kila siku walipata vidonda kwa asilimia 8.5 ndani ya miezi 15, wakati wenzao walikuwa karibu 30. Sijaona shilingi nyingine katika eneo hili inayorudisha faida kama ile ya kipimajoto.

Linabaki suala la kiatu, na mimi naamini hapa ndipo tunaposhindwa zaidi. Uholanzi walitengeneza viatu vilivyorekebishwa kwa kufuata mashine ya ndani ya kiatu, wakavigawa na kufuatilia watu 171 kwa miezi 18. Kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo: vidonda vilirudi kwa asilimia 38.8 dhidi ya 44.2. Walipowatazama tu wale waliovivaa kwa angalau asilimia 80 ya hatua zao, ikawa 25.7 dhidi ya 47.8. Utafiti mwingine ulioambatana nao ulionyesha kuwa watu walivaa viatu hivyo kwa asilimia 87 ya hatua za nje, lakini 61 tu za nyumbani. Hao ni Waholanzi. Sisi huacha viatu mlangoni, na ni adabu njema. Mgonjwa wa Tunduma anavua sandali za hospitali kibarazani, anaingia pekupeku, au anatelezesha mguu kwenye kandambili iliyolala kama karatasi, na anazunguka jikoni, uani na bafuni siku nzima. Jozi moja haitoshi. Anahitaji ya nje na ya ndani, na ile ya ndani isivaliwe nje ili isichafue nyumba.

Utaalamu wa kuzitengeneza upo nchini. Chuo cha TATCOT, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanzishwa hapa na India katika muongo wa 2000 chini ya Abbas, Karel Bakker na wenzao, ulifundisha jozi za daktari na muuguzi kutoka mikoani jinsi ya kuhudumia mguu wa kisukari. Na Tunduma haikosi mafundi wa kushona katambuga za tairi. Soli yao ni ngumu na haitobolewi na msumari kirahisi. Kinachokosekana ni tabaka laini la ndani na mtu wa kumwonyesha fundi doa jeusi kwenye karatasi ya wino, ili achimbe nafasi hapo.

Hukumu yangu basi ni hii. Mashine moja iwekwe Mbeya, itumiwe na mikoa yote ya kanda, na isinunuliwe kabla ya kuajiriwa mtu wa kuiendesha. Kabla yake, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe iliyoko Vwawa na vituo vya Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Mkwajuni vipate mkeka wa wino, uzi wa gramu 10, kipimajoto cha ngozi, wembe wa kukwangua sugu na muuguzi aliyefundishwa kuvitumia. Kila anayetoka chumba cha upasuaji akiwa amekatwa kidole au kurekebishwa mfupa wa mbele aondoke na jozi mbili za viatu na tarehe tatu za kurudi.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako kuna baba, mama au ndugu aliyekatwa kidole kwa sababu ya kisukari, usingoje tarehe ya kliniki. Mwombe aweke mguu kwenye mwanga leo jioni, uutazame unyayo wote, hasa chini ya mfupa unaopakana na pale palipokatwa, na uushike kwa mgongo wa mkono kulinganisha joto lake na mguu wa pili. Ukikuta sugu mpya, wekundu au joto lisilolingana, mwambie apunguze kutembea, na kesho mpeleke kituo cha afya.